Betri iliyokuja na gari: ibadilishe kabla haijachagua siku yake

Joto la Unguja, hewa ya chumvi na safari fupi za kupeleka watoto skuli humaliza betri mapema. Mzazi anaweza kujua kwamba muda wake umefika bila kusubiri gari limkatalie usiku.

Saa nane za usiku mtoto anahema kwa tabu. Mama ameshamfunika khanga, baba ameshika ufunguo. Kwa mkaazi wa Mji Mkongwe safari hiyo huanza kwa miguu: kushuka ngazi, kupita vichochoro ambavyo gari haliingii, mpaka pale lilipoegeshwa, Malindi, Vuga au upande wa Darajani. Anakaa kwenye usukani, anazungusha ufunguo, gari linajibu "tik" na kunyamaza.

Aliye Mkunazini akikwama hivyo bado ana bahati, maana Hospitali ya Mnazi Mmoja haiko mbali na mtoto anaweza kubebwa. Aliye kijijini Nungwi, Paje au Kizimkazi hana njia hiyo. Usiku huo daladala hakuna, jirani mwenye gari huenda amelala mjini, na kufika Mnazi Mmoja ni mwendo wa saa nzima.

Asubuhi fundi akija atasema betri imekufa. Mwenye gari atashangaa, kwa sababu jana jioni liliwaka vizuri tu. Lakini betri haifi kwa siku moja. Huchoka kwa miezi, na hapa kwetu huchoka kimya kimya kuliko kwenye nchi za baridi. Anayengoja mpaka ikatae ameiachia betri imchagulie siku, na mara chache siku hiyo huwa Jumapili asubuhi mbele ya gereji.

"Orijino" maana yake nini?

Magari mengi ya familia hapa Unguja yametoka Japani yakiwa yameshatumika: Vitz, IST, Raum, Noah na mengineyo. Gari likishushwa bandarini, mnunuzi hukagua rangi, viti, kilomita na tairi. Akifika kwenye betri huambiwa ni "orijino", na neno hilo humtuliza.

Neno hilo linasema jambo moja tu, kwamba betri ilikuja na gari. Halisemi ina umri gani. Gari lililotengenezwa mwaka 2010 si rahisi liwe bado na betri ya kiwandani ya 2010. Mwenyewe wa kwanza kule Japani huenda aliibadilisha mara mbili au tatu, na hii ya mwisho inaweza kuwa ya mwaka mmoja au ya miaka mitano.

Ongeza na safari yenyewe. Gari limekaa kwenye yadi ya mnada, limevuka bahari kwa wiki kadhaa, kisha limesubiri tena ushuru ukamilike. Muda wote huo betri ilikuwa ikipungua bila kuchajiwa. Betri ya asidi na risasi ikikaa na chaji ndogo, plati zake huota salfeti, fuwele ambazo mwanzo ni laini na chaji huziondoa, lakini zikikaa sana huwa ngumu na haziondoki tena. Kila sehemu ya plati iliyofunikwa na fuwele hizo imeshapotea, haiweki tena umeme.

Kwa hiyo betri iliyokuja na gari ihesabiwe nzee mpaka ipimwe. Kama huna kumbukumbu yoyote, tafuta tarehe juu ya betri yenyewe. Nyingi za Kijapani zina tarakimu zilizogongwa au kuchapwa kwenye mfuniko au ubavuni. Kuna kampuni zinazoanza na mwaka na nyengine humaliza na mwaka, kwa hiyo muoneshe fundi akusaidie kusoma.

Kwa nini Unguja betri hufa mapema, tena ghafla

Watu wengi hudhani baridi ndiyo adui wa betri, kwa sababu filamu na mitandao huonesha magari yakikataa kuwaka kwenye theluji. Baridi hufichua tu ubovu. Joto ndilo linaloua.

Ndani ya betri kuna asidi, maji na risasi, na kazi yake yote ni ya kikemikali. Mafundi na watengenezaji wana kanuni ya makadirio: joto likipanda kwa nyuzi kumi hivi juu ya 25, mwendo wa kuchakaa huongezeka karibu mara mbili. Kwetu wakati wa kaskazi, kuanzia Disemba hadi Machi, hewa ya mchana hufika nyuzi 32 au 33. Chini ya boneti la gari lililosimama juani baada ya kutoka safari, joto huwa kubwa zaidi ya hapo. Maji ya betri hukauka, plati huliwa. Ndiyo maana betri ambayo kwenye nchi yenye ubaridi ingefika miaka mitano au zaidi, huku kwetu mara nyingi huanza kuchoka ikiwa na miaka mitatu, na nyengine mapema zaidi.

Jambo la pili ni safari fupi. Kila ukipiga stata, betri hutoa umeme mwingi kwa sekunde chache, na alteneta hutakiwa kuurudisha wakati gari linatembea. Mzazi anayetoka Vuga kumpeleka mtoto skuli Kikwajuni, akarudi, akazima, akawasha tena kwenda sokoni Darajani, anachota kila mara na harudishi vya kutosha. Akiwa kwenye foleni, kipoza hewa kinafanya kazi, feni inavuma, redio inaimba, na injini inazunguka polepole. Gari linatumika kila siku, na bado betri haijai.

Tatu ni hewa ya bahari. Chumvi hukamata kwenye vichwa vya betri na kwenye waya, na pamoja na mvuke wa asidi hufanya ule unga mweupe au wa kijani. Unga huo huzuia umeme kupita, hata betri nzima ikaonekana mbovu.

Lipo na la nne, ambalo ndilo chanzo cha ule mshangao wa asubuhi. Kwenye nchi za baridi, oili huwa nzito na injini hutaka nguvu nyingi kuwaka, kwa hiyo betri dhaifu hujulikana mwanzoni mwa majira ya baridi. Hapa hakuna asubuhi ya namna hiyo. Injini huwa na uvuguvugu siku zote na huwaka kwa nguvu ndogo. Betri iliyobakisha theluthi ya uwezo wake bado inawasha gari kila siku, mpaka siku moja mtoto asahau taa ya ndani, au mvua ya masika ikulazimishe kuwasha taa, waipa na feni kwa pamoja. Hapo ndipo inapokosa hata hicho kidogo.

Dalili za kuangalia

Betri nyingi hutoa ishara kwa aliye makini. Angalia hizi:

• Stata inazunguka kwa uzito asubuhi, kama mtu anayeamshwa kabla ya saa yake, lakini mchana gari linawaka upesi.

• Taa za mbele hufifia gari likiwa limesimama na hung'ara ukikanyaga mafuta.

• Saa ya kwenye dashibodi au stesheni za redio hujifuta baada ya kuwasha gari.

• Vioo vya umeme vinapanda polepole kuliko zamani.

• Vichwa vya betri huota unga tena wiki chache tu baada ya kusafishwa.

• Umeshashtuliwa gari zaidi ya mara moja ndani ya mwezi mmoja, bila kusahau taa wala redio.

Dalili tatu hazisubiri kipimo wala umri: betri iliyovimba ubavuni, inayovuja, au inayonuka kama mayai viza. Hiyo usiitumie, usiichaji na usiishtue. Zima gari, waondoe watoto karibu, ita fundi.

Kipimo kinachukua dakika kumi

Dalili peke yake haitoshi kukufanya ununue. Fundi umeme wa magari mwenye mita ya volti anaweza kukupa jibu, na mita yenyewe ni kifaa kidogo ambacho hata nyumbani unaweza kuwa nacho. Pima mara tatu.

Kwanza, gari likiwa limepumzika usiku mzima, kabla hujawasha chochote. Betri iliyojaa husoma volti 12.6 au zaidi kidogo. Ikisoma 12.4, ina kiasi cha robo tatu. 12.2 ni nusu. 12.0 ni robo tu. Usipime mara tu baada ya kuzima injini, maana betri huwa imebeba chaji ya juu juu na itakudanganya.

Pili, wakati wa kupiga stata. Mtu mmoja awashe, mwengine atazame mita. Namba itashuka, na ni kawaida. Ikishuka chini ya 9.6 hivi, na betri ilikuwa imejaa, basi imechoka. Kipimo hiki ndicho chenye maana kubwa, kwa sababu betri nzee inaweza kusoma 12.6 ikiwa imelala na ikaanguka mara tu inapopewa kazi.

Tatu, injini ikiwa inazunguka. Kwenye magari mengi mita inatakiwa isome kati ya 13.5 na 14.7. Ikibaki kwenye 12, tatizo ni alteneta au mkanda wake. Ukinunua betri mpya utakuwa umelipa bure, kwa sababu nayo itaisha siku hiyo hiyo. Ikizidi 15, alteneta inachaji kupita kiasi na itaipika betri.

Gereji nyengine zina kipima betri cha kisasa kinachochapisha karatasi yenye namba za uwezo. Kama kipo, bora zaidi. Iweke hiyo karatasi ili mwakani ulinganishe.

Kabla ya yote, sharti vichwa visafishwe. Zima gari, toa ufunguo, fungua kichwa hasi kwanza, kisha chanya. Maji ya moto kidogo yaliyochanganywa na magadi soda huondoa unga. Sugua kwa brashi, kausha vizuri, rudisha chanya kwanza na hasi mwisho, kaza, kisha paka girisi kidogo. Vaa glavu na kinga macho yako. Mara nyingi gari "lililokufa betri" hufufuka kwa kazi hiyo tu.

Betri zenye vifuniko vya kufungulia nazo zitazamwe maji. Plati lazima zifunikwe. Ongeza maji ya betri yanayouzwa madukani, si ya bomba wala ya kisima. Maji ya visima vyetu hupita kwenye mawe ya matumbawe na hubeba chokaa inayoharibu plati. Usiongeze asidi, kwa sababu kinachokauka ni maji.

Basi, ni lini hasa?

Hapa hakuna tarehe moja kwa kila mtu, lakini kwa gari la familia Unguja mpango huu unafaa:

• *Hujui umri wake:* pima wiki hii, usingoje dalili.

• *Mwaka wa kwanza na wa pili:* safisha vichwa, tazama maji, pima ukiona jambo.

• *Mwaka wa tatu:* pima mara mbili kwa mwaka, mara moja kabla ya kaskazi, Novemba hivi, na mara moja mwishoni mwa Februari kabla ya masika.

• *Mwaka wa nne:* anza kuweka fedha za betri mpya pembeni. Kipimo kikiwa mpakani, badilisha.

• *Mwaka wa tano:* badilisha hata kama bado inawasha. Kilichobaki ni kidogo na hakina ahadi.

Familia mbili zenye betri ya umri mmoja zinaweza kuamua tofauti, na zote zikawa sawa. Anayeishi Michenzani, ambaye gari ni la kwendea kazini tu na teksi ziko jirani, anaweza kuivuta betri ya miaka minne mpaka mwisho wake. Nyumba iliyoko Makunduchi au Bumbwini yenye mama mjamzito, mtoto wa pumu au mzee wa sukari haina sababu ya kufanya hivyo. Kwao gari ndilo gari la wagonjwa la nyumba, na betri ibadilishwe kipimo kinapoanza kuyumba.

Hesabu ya fedha nayo isitishe. Tuseme betri imekugharimu shilingi 180,000 na ikakaa miezi 36. Hiyo ni shilingi 5,000 kwa mwezi. Ukiibadilisha miezi mitatu kabla haijafa, umepoteza 15,000. Linganisha na kumtoa fundi mjini mpaka Kizimkazi usiku, au kukosa boti ya asubuhi ya kwenda Dar es Salaam na tiketi za watu watano mkononi.

Kuna na kosa la upande wa pili, la kubadilisha bila kupima. Betri ya mwaka mmoja na nusu iliyoisha kwa sababu mtoto aliacha taa ya ndani ikiwaka usiku kucha haijafa, imekwisha chaji tu. Ichajiwe polepole kwa chaja usiku mzima, kisha ipimwe.

Ukienda kununua

Piga picha ya namba iliyo juu ya betri yako kabla hujatoka. Magari ya Kijapani hutumia namba kama 46B24L. Namba ya mwanzo ni kipimo cha nguvu, na ikizidi kidogo si vibaya. Herufi ya katikati huonesha upana na kimo. Namba ya 24 ni urefu kwa sentimita. L au R huonesha vichwa vimekaa upande gani. Ukikosea hapo waya hazitafika, au mtu atazivuta kwa nguvu na kuzigeuza, na betri ikifungwa kinyume inaweza kuunguza vifaa vya umeme vya gari. Ikiwa na S mwishoni, vichwa vyake ni vinene.

Uliza tarehe ya kutengenezwa. Betri hupungua hata ikiwa dukani, na duka lenye joto huipunguza zaidi. Iliyokaa rafuni zaidi ya miezi sita bila kuchajiwa usiipokee kama mpya. Ipimwe mbele yako, chukua risiti iliyoandikwa muda wa garantii, na hakikisha imefungwa kwa kibanio chake isitikisike. Barabara za ndani zenye mashimo huvunja plati za betri iliyolegea.

Gari linalojizima lenyewe kwenye taa za barabarani na kujiwasha linahitaji betri ya aina yake, mara nyingi yenye namba kama M-42 au Q-85. Ukiweka ya kawaida, itachoka upesi.

Wenye Prius, Aqua na haibridi nyengine nao wana betri ndogo ya volti 12, mbali na ile kubwa. Aghalabu imekaa nyuma, namba yake huanza na S, na ina mpira mdogo wa kutolea gesi nje ya gari. Usikubali iwekwe betri ya kawaida mahali hapo, kwa sababu gesi yake itabaki ndani mnamokaa watoto. Na dalili zake ni tofauti: haibridi haina stata inayozunguka kwa uzito. Hukataa tu kuonesha kwamba iko tayari, taa za dashibodi zikawaka ovyo. Wengi huogopa kwamba betri kubwa ya fedha nyingi ndiyo iliyokufa, kumbe ni hii ndogo.

Ikikatalia njiani

Gari nyingi za siku hizi ni za otomatiki na haziwaki kwa kusukumwa. Weka waya za kushtulia kwenye buti na ujue mpango wake:

1. Magari mawili yasigusane, yote yazimwe. Watoto washuke na wakae mbali na barabara.

2. Waya mwekundu: chanya ya betri iliyokufa, kisha chanya ya betri nzima.

3. Waya mweusi: hasi ya betri nzima, kisha chuma kitupu cha injini ya gari lililokufa, mbali na betri.

4. Washa gari zima, subiri dakika chache, kisha washa lililokufa.

5. Toa waya kwa kurudi nyuma, hatua ya mwisho iwe ya kwanza.

Betri hutoa gesi ya haidrojeni inayolipuka kwa cheche. Asiwepo anayevuta sigara, na usiangalie betri kwa kuwasha kiberiti. Tumia tochi ya simu. Usitumie haibridi kushtua gari la mwenzako. Likishawaka, usizime mpaka ufike unakokwenda, kisha nenda kwa fundi siku hiyo hiyo.

Kurefusha maisha yake

Mara moja kwa wiki lipe gari safari ya nusu saa au zaidi bila kusimama simama. Safari ya Jumapili ya kwenda Chwaka na watoto inatosha. Egesha kivulini inapowezekana. Ukiwa unasubiri nje ya skuli na injini imezimwa, usiache redio, feni na chaja za simu zikifanya kazi. Wazoeze watoto kwamba gari si mahali pa kuchezea, na kabla ya kufunga mlango mmoja wao awe "mkaguzi wa taa". Ukisafiri wiki mbili au zaidi, iwe Hijja, Pemba au bara, mwambie fundi afungue kichwa hasi.

Betri kongwe isilale nyumbani

Hili kwa mzazi ni zito kuliko kukwama. Zaidi ya nusu ya uzito wa betri ni madini ya risasi, na ndani yake mna asidi inayounguza. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kwenye damu kinachojulikana kuwa salama. Huharibu ubongo wa mtoto unaokua, hupunguza uwezo wake wa kujifunza, na madhara hayo hayarudi nyuma. Mwaka 2020 UNICEF na taasisi ya Pure Earth zilitoa ripoti iliyokadiria kwamba mtoto mmoja kati ya watatu duniani ana risasi nyingi mwilini, na ikataja uvunjaji holela wa betri za magari kuwa miongoni mwa vyanzo vikubwa.

Si habari ya mbali. Owino Uhuru, mtaa wa Mombasa, ulikuwa jirani na kiwanda cha kuyeyusha betri. Phyllis Omido, mama aliyefanya kazi hapo, aliona mtoto wake mchanga akiugua, na vipimo vikaonesha risasi. Alianza kupigania wakaazi wenzake, kiwanda kikafungwa mwaka 2014, naye akapewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman mwaka 2015. Mwaka 2020 mahakama ya mazingira ya Mombasa iliamua wakaazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya, na kesi ikaendelea kwa rufaa mpaka Mahakama ya Juu. Fidia haiondoi risasi iliyoingia kwenye mifupa ya mtoto.

Kwa hiyo betri ya zamani iache pale pale unaponunua mpya. Uliza kabla ya kulipa kama wanaipokea na wanapunguza kiasi gani kwenye bei. Ikilazimu kukaa nyumbani usiku mmoja, iwe wima, nje, mbali na watoto, kuku na kisima. Asidi isimwagwe chooni wala uani, wala isitiwe kwenye chupa ya maji au soda, kwa sababu mtoto mwenye kiu hasomi chupa ina nini. Na mtu akija kuomba betri ili ayeyushe risasi apate chubwi za kuvulia, mkatalie. Moshi wa chungu hicho hutua kwenye mchanga wanaochezea watoto wa mtaa mzima, na wako wamo.

Kwa leo kazi ni ndogo. Jioni jua likipungua, fungua boneti, tafuta tarehe, piga picha ya namba ya betri kwa simu hii unayosomea. Kama tarehe haionekani au imepita miaka mitatu, mpangie fundi siku wiki hii. Ukiweka mpya, andika mwezi na mwaka kwenye kipande cha gundi ya karatasi na ukibandike juu yake. Mwakani hutahitaji kumuuliza mtu umri wake.